Kosa la Saba

Chumba tulichokiita maabara ya hisabati kilikuwa stoo ya mahindi. Tulikifagia mara tatu na kupaka ukuta mmoja chokaa ili picha ya projekta ionekane, lakini fukusi hawakuhama. Katikati ya somo ungemwona mmoja akipita polepole juu ya mchoro wa pembetatu, na darasa zima likimfuata yeye kwa macho badala ya kunifuata mimi. Madirisha hayakuwa na pazia, kwa hiyo tuliyaziba kwa magunia yaleyale yaliyokuwa na mahindi. Kila somo lilianza kwa wanafunzi wawili kupanda juu ya madawati kutundika magunia, na likaisha kwa watu arobaini kupiga chafya.

Shule yetu ni ya kutwa, kandokando ya barabara ya Kapseret, mahali ambapo ndege ikishuka kwenda uwanjani mwalimu hunyamaza hadi ipite. Nimefundisha hisabati hapo miaka kumi na miwili. Wanaonijua watakuambia hasira zangu ziko karibu, na hawasemi uongo. Lakini hasira hizo ni za darasani na za nyumbani. Wakikusanyika watu wazima zaidi ya kumi, koo linanikauka. Katika mikutano ya wazazi mimi ndiye yule anayekaa karibu na mlango akijifanya ana simu ya kupokea. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu mmoja alilijua vizuri na akalitumia.

Ninapofundisha nina desturi moja, nayo nimeishika tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Katika kila somo naingiza kosa moja kwa makusudi. Naweza kugeuza alama ya kutoa ikawa ya kujumlisha, au kupima pembe isiyo yenyewe, kisha nikaendelea kufundisha bila kupepesa jicho. Atakayelikamata ndiye anayekwenda kugonga kengele ya mwisho wa kipindi. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na wako wanafunzi wenye ndevu ambao wangefanya lolote ili waigonge mara moja tu. Nilianza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma Sugoi chini ya mwalimu ambaye ukimwonyesha kwamba amekosea, alikupigisha magoti nje hadi jioni. Nilitaka watoto wangu wazoee kutoniamini.

Ila desturi hiyo ilikuwa na sheria yake. Kengele ikikaribia na hakuna aliyelikamata kosa, mimi mwenyewe nalitaja, nalifuta, naandika lililo sahihi. Kosa halitoki mlangoni. Hata siku mwalimu mkuu alipoingia ghafla kunitangazia habari za mkutano, nilimwomba asubiri dakika moja nitoe kosa langu kwanza, naye alinisubiri.

Sasa, longitudo na latitudo. Kama umesoma hadi kidato cha nne unalikumbuka somo hilo, na kama hulikumbuki ni kwa sababu ulilikimbia. Unapewa miji miwili iliyo umbali uleule kutoka Ikweta, unaambiwa utafute kilomita kati yake ukiufuata mstari wa latitudo. Ugumu wenyewe ni kwamba miviringo ya latitudo haitoshani. Ule wa Ikweta ndio mkubwa kuliko yote, na kadiri unavyopanda kwenda kaskazini, miviringo inapungua, hadi nchani hakuna kitu. Kwa hiyo ni lazima uzidishe kwa kosaini ya latitudo ili umbali upungue ipasavyo. Watoto wanaikariri kosaini bila kujua inafanya kazi gani, na kitu kisichojulikana kazi yake husahaulika haraka.

Mwaka mmoja nilifundisha kwa chungwa. Nililichora mistari kwa kalamu, nikalipitisha darasani kutoka mkono hadi mkono ili kila mmoja aone jinsi mistari inavyokaribiana juu. Lilifika dawati la nne na halikurudi. Nilipouliza, nilioneshwa maganda. Darasa lilicheka na mimi nilicheka, ila jioni hiyo nilianza kutafuta namna ya kuwaonyesha dunia isiyolika.

Ndipo nikaingia kwenye kompyuta. Nilijifundisha mwenyewe, kwa laptopu ya mtumba ambayo herufi zake mbili zilikuwa zimeng'oka, programu ya kuchora maumbo yanayozunguka. Likizo nzima ya Desemba niliketi jikoni kwangu, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa, nikitengeneza masomo saba ya zile mada zinazowatoa watoto jasho. Lilikuwapo la piramidi inayogeuka hadi uone kivuli cha mstari kikianguka kwenye kitako chake. Lilikuwapo la vekta. Na la saba, nililolipenda kuliko yote, lilikuwa la dunia ya buluu yenye nukta mbili: moja ni Eldoret, nyingine ni Jinja, kwa sababu miji hiyo iko karibu kwenye mstari mmoja, nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta. Ungeweza kuzishika nukta hizo kwa kipanya na kuzivuta juu, uone jinsi zinavyokaribiana, na chini ya picha kilomita zingebadilika mbele ya macho yako.

Likizo hiyo sikuwa peke yangu. Binti ya dada yangu alikuja kutoka Turbo kukaa nami. Alikuwa anaingia kidato cha nne, na alitaka kusomea upimaji wa ardhi. Aliwahi kumwona mwanamke mmoja akipima shamba la jirani yao kwa mashine ya miguu mitatu, na wanaume wote wa ukoo wamesimama kimya wakimsubiri aseme. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Alijua kwamba bila alama nzuri ya hisabati hawezi kuifikia, basi alikaa kando yangu akiniangalia nikifanya kazi. Yeye ndiye aliyechagua rangi ya nukta ya Eldoret, rangi ya maruni kama sweta yake ya shule. Nilimweleza desturi yangu ya makosa na sheria yake. Alicheka, akasema mwalimu wao hawezi, kwa sababu yeye anakosea bila kupanga. Aliondoka wiki moja kabla sijamaliza.

Alipokwisha kwenda ndipo nilipoingiza makosa, moja katika kila somo. Yale sita yalikuwa ya kawaida. La saba nililifurahia kama mtu aliyeficha zawadi. Niliondoa kosaini kwenye somo la dunia. Ukiwa Eldoret huwezi kuliona kosa hilo hata kidogo. Sisi tuko karibu mno na Ikweta, mviringo wetu ni sawa na mkubwa wenyewe, kwa hiyo uzidishe kwa kosaini au usizidishe, kutoka hapa hadi Jinja utapata kilomita zilezile. Ili kulikamata ni lazima uzishike nukta uzivute kaskazini kabisa. Hapo macho yanaona miji inakaribiana, na namba inasema haijasogea. Darasa langu lililikamata ndani ya dakika ishirini. Msichana aliyelikamata alikimbia hadi kwenye ringi akaigonga kwa jiwe hadi naibu wa mwalimu mkuu akatoka nje kuuliza kama kuna moto.

Sasa nimtaje mwenzangu. Alikuwa mkuu wa idara ya hisabati, mwanamke aliyenizidi miaka kama minane, aliyekuja Eldoret kutoka upande wa magharibi akiwa bado msichana na akabaki. Siku yangu ya kwanza shuleni hapakuwa na meza ya kunipa, naye akasogeza vitabu vyake akanigawia nusu ya meza yake na droo moja. Tulikaa kwenye meza hiyo miaka kumi na miwili, chai yetu ikitoka chupa moja. Mama yangu alipofariki, alifika Sugoi kabla ya baadhi ya ndugu zangu, akafunga leso, akaosha sufuria siku tatu. Mimi nilifundisha kidato cha nne Mashariki, yeye Magharibi, na ukuta kati ya madarasa yetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akiniita kupitia ukutani namsikia. Sikuwa na siri naye. Ndiye aliyekuwa akisema kwenye mikutano yale niliyoshindwa kusema, na nilimshukuru.

Muhula wa kwanza ulipoanza, aliniomba masomo hayo kwenye flashi. Alisema anataka kuyapitia tu, aone yanavyofanya kazi, halafu atayatumia na Magharibi. Nilimpa siku hiyohiyo. Hata sikungoja aniombe mara ya pili.

Wakati wa likizo ya Aprili kulikuwa na kongamano la walimu wa hisabati katika ukumbi mmoja mjini. Nilichelewa kwa sababu ndama alikuwa na homa, nikaingia kimya nikakaa kiti cha nyuma. Mbele, juu ya kitambaa kikubwa cheupe kisicho na fukusi hata mmoja, piramidi yangu ilikuwa inazunguka. Mwenzangu alikuwa amesimama kando yake na kipaza sauti. Kwanza nilifurahi. Nilidhani amenifanyia jambo la kunishangaza, na kwamba mwishoni atanitaja. Niliketi wima, nikakunja sketi vizuri, nikaanza kuogopa kwamba huenda ataniita mbele.

Kisha akasema, "Mwaka mmoja nilifundisha longitudo na chungwa, na wanafunzi wakalila."

Ukumbi wote ulicheka. Alilieleza chungwa hilo vizuri kuliko ninavyolieleza mimi, akaongeza kwamba lilikuwa chungwa la mwisho nyumbani kwake. Kazi nilikuwa tayari kumgawia. Angeniomba, ningempa hata nusu ya jina. Lakini kile kicheko kilikuwa changu, kilitokea darasani kwangu, yeye hakuwapo. Nilisalitiwa. Nimetafuta neno jepesi zaidi kwa miezi mingi, na sijalipata.

Alipita somo baada ya somo. Nilingoja makosa. Kwenye piramidi, kosa halikuwapo, amelirekebisha. Kwenye vekta pia. Hapo nilijua kwamba hili halikumjia asubuhi ile kwa bahati, kwani alikuwa ameketi na kazi yangu siku nyingi akiipangusa alama za vidole vyangu. Ukurasa wa mwanzo uliokuwa na jina langu ulikuwa umeondolewa. Halafu dunia ya buluu ikaja, nukta ya maruni na mwenzake. Alisoma umbali kutoka Eldoret hadi Jinja. Alikuwa na jibu alilopata kwa kanuni ya kitabu mkononi, akalisoma pia, na yakalingana. Hakuzishika nukta. Kosa la saba lilikuwa palepale nilipoliacha.

Walimu walipiga makofi. Msimamizi wa kongamano alitangaza kwamba mwenzangu atakuwa mkufunzi wa eneo letu, atatembelea shule kuwaonyesha wengine, na kwamba masomo hayo yanapatikana bure kwa kila mwalimu. Foleni ikaanza mbele ya laptopu, kila mtu na flashi yake. Niliwasikia wakitaja shule zao: Kapseret, Sugoi, Turbo.

Tulikutana kwenye chai. Alikuwa na kikombe mkono mmoja na andazi mkono wa pili, na aliponiona uso wake haukubadilika, jambo lililoniumiza zaidi. Nilimwambia kwamba angeniambia tu. Akajibu kwamba angeniambia ningekataa, au ningekubali halafu nisimame pale mbele nitetemeke, na kazi nzuri ipotee bure.

"Hii ni kazi ya idara," akasema. "Mimi si ndiye mkuu wa idara?"

Nilikuwa najua kwamba nikifungua mdomo nitalia mbele ya walimu wa hisabati wa eneo zima. Akanisogelea, akashusha sauti, sauti yake ya mezani kwetu, kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Na usijali, yale makosa yako nimeyatoa. Yote sita. Ile ya longitudo nimeitafuta sana sijaiona. Ama ulisahau kuweka?"

Nilimtazama machoni.

"Nilisahau," nikasema.

Neno hilo moja ndilo lililonipeleka nyumbani nikiwa nimenyooka. Nitasema ukweli: nilikuwa na furaha. Chungu, lakini furaha. Nilimwona atakavyosimama siku moja katika shule fulani, mtoto mmoja mwenye akili azivute nukta hizo hadi kaskazini, na kimya kitakachofuata. Nilijiambia kwamba mtu anayevaa nguo isiyo yake aivae na viroboto wake. Nilijiambia pia kwamba walimu si watoto wachanga, wana vitabu, watagundua wenyewe. Nililirudia hili la pili mara nyingi zaidi, kwa sababu ndilo lililohitaji kurudiwa.

Muhula wa pili nilihamisha vitu vyangu kutoka kwenye meza yetu. Walimu wenzangu waliuliza, nikasema karibu na dirisha kuna mwanga. Yeye hakuuliza. Alikuwa hayupo mara kwa mara, yuko kwenye ziara za shule, na alipokuwapo alifundisha Magharibi nyuma ya ule ukuta mwembamba. Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari wanafunzi wangu wakifanya zoezi, nikamsikia akiwafundisha longitudo. Nilimsikia akisoma Eldoret, akisoma Jinja. Nilisikia watoto wakiandika, ile sauti ya kalamu nyingi kwa wakati mmoja. Ningeweza kutoka mlango wangu na kuingia wake kwa hatua sita. Nilisahihisha daftari lililokuwa mbele yangu mara mbili, na mara ya pili nikakuta nimelipa alama zisizo zake.

Wale wa Magharibi nawajua kwa nyuso. Wananiamkia asubuhi. Wawili kati yao hunisaidia kubeba projekta. Sina la kujitetea hapo.

Moki ilikuja mwezi wa saba, mtihani mmoja wa majaribio kwa shule nyingi. Karatasi ya pili ilikuwa na swali la longitudo, la alama kumi, na miji yake haikuwa Eldoret na Jinja. Ilikuwa miwili iliyo digrii sitini kaskazini. Pale mviringo ni nusu ya ule wa Ikweta. Anayesahau kosaini anapata kilomita mara mbili ya zilizopo, na kila sehemu ya swali inayofuata inaharibika kwa kumfuata. Niliisoma karatasi nikiwa nasimamia chumba cha Magharibi. Niliona vichwa vimeinama, vinaandika kwa imani. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido hadi kengele ilipolia.

Matokeo yalipotoka, mwenzangu aliwaambia wenzake katika chumba cha walimu kwamba watoto wa siku hizi hawasomi maswali vizuri. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha langu na mwanga wangu. Hapo ndipo furaha yangu ilipokwisha, lakini bado sikusema. Kila siku niliyoinyamazia iliifanya siku inayofuata iwe ngumu zaidi kuisemea.

Jumamosi moja mwezi wa nane, binti ya dada yangu alishuka bodaboda mlangoni kwangu. Kwa kawaida hupiga simu kwanza, hupitia zizini, huuliza ndama. Siku hiyo aliingia moja kwa moja, akakaa kwenye meza ya jikoni mahali palepale alipokaa Desemba, akatoa karatasi ya moki. Alikuwa amefanya vizuri mahali pengi. Kwenye swali la longitudo palikuwa na sifuri, na kando yake kalamu nyekundu ilikuwa imeandika: kosaini?

Nilimuuliza kwa nini hakuisoma mada hiyo. Niliuliza hivyo, na nilijua ninachofanya.

Alisema aliisoma kuliko zote. Mwalimu wao aliwaonyesha kwa projekta, kisha akawatumia picha za video, naye alizipata kwenye simu ya mama yake. Akanifungulia. Dunia ya buluu ilizunguka mkononi mwake, na nukta ya maruni ikatokea.

"Nilijua ni yako, Anti," akasema. "Nilimwambia mwalimu hiyo rangi ni mimi nilichagua. Akasema imetoka kwa mkufunzi. Mimi nikajua tu."

Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza daktari. Kuna msichana darasani kwao aliyefungua kitabu akasema kuna kosaini mahali hapo. Wakabishana. Wakaamua kujaribu njia zote mbili kwa Eldoret na Jinja, na jibu likatoka lilelile. Basi yeye akawaambia wenzake kwamba hiyo kosaini ni ya kuzungusha watu tu, njia ya Anti yake ni fupi. Walikuwa wasichana saba waliosoma pamoja kila siku baada ya masomo, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Wote saba walipata sifuri kwenye swali hilo. Yule mwenye kitabu alikuwa mmoja wao.

Nilitoa laptopu kabatini, nikafungua faili lenyewe. Nilizishika zile nukta mbili nikazivuta juu, hadi kwenye digrii sitini. Mistari ilikaribiana. Kilomita chini hazikusogea. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Ni mtoto anayeona. Aliitazama namba hiyo kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Hili ni lile kosa unaweka makusudi."

Nikamwambia ndiyo.

"Lakini ulisema kosa halitoki mlangoni. Ulisema lazima lisemwe kabla ya kengele." Alikuwa anajizuia asilie. "Mwalimu wetu hakusema kosa. Ndio maana mimi nilijua hakuna."

Nilianza kumwelezea. Nilimweleza kongamano, chungwa, ukurasa ulioondolewa, miaka kumi na miwili ya meza moja. Nilijisikia nikieleza vizuri, kwa hasira iliyopangika, na kwa mara ya kwanza nilimwambia mtu mwingine kwamba nimesalitiwa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza swali moja tu, nilijua lini kwamba kosa limefika Turbo. Nikamwambia, Aprili.

Alianza kuikunja karatasi yake ya moki, mara mbili, mara nne, hadi ikawa ndogo kama kitambulisho.

Nilichukua simu. Kuna kundi la walimu wa hisabati wa eneo letu, watu wengi kuliko ukumbi ule, na sijawahi kuandika neno humo isipokuwa pole na hongera. Niliandika kwamba somo la longitudo lina kosa, kwamba kosaini imeondolewa, kwamba ni mimi niliyeiondoa, kwamba nilijua tangu Aprili, na kwamba watahiniwa wote waliofundishwa kwa somo hilo wafundishwe upya kabla ya mtihani wa mwisho. Sikuandika neno la kuibiwa. Si kwa wema; nilijua tu kwamba nikiliandika hilo, la kosa halitasomwa.

Simu iliita kabla sijaiweka mezani. Alikuwa mwenzangu. Nilingoja anitukane, nikawa na majibu tayari, ya miezi minne.

"Mimi nilikuuliza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Kisha akakata.

Bado sijamsamehe, na sidhani kama yeye amenisamehe. Tunapitana kwenye korido tukiamkiana kama wageni wawili hospitalini. Niliwafundisha Magharibi upya mimi mwenyewe, Jumamosi tatu mfululizo, na nikaenda Turbo nikakaa na wale wasichana saba chini ya veranda ya darasa lao, na nilianza kwa kuwaambia nilichofanya. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya jikoni, na dakika zile baada ya simu kukatwa.

Nilimwekea chai. Hakuigusa. Alikuwa ameivuta laptopu upande wake, anaangalia orodha ya yale masomo mengine sita, yale yangu ya asili.

"Na hizi zingine ziko na makosa?"

Nilimwambia yale niliyokuwa nayo hapo yana makosa, lakini yale aliyopewa shuleni yamerekebishwa, yako sawa yote sita. Nilimwambia anaweza kuyaamini.

Alitingisha kichwa kukubali, kwa heshima, kama alivyolelewa. Kisha akatoa kitabu cha hisabati kwenye begi, akafungua simu ya mama yake kwenye video ya kwanza, akachukua kalamu, na akaanza kukagua mstari mmoja baada ya mwingine, kidole kimoja kwenye kitabu.